Mashua za Oxford na Cambridge mu maji machafu ya muto Thames

Tarehe 30 mwezi wa tatu 2024, mashua mbili nyembamba zilisimama sambamba karibu na daraja la Putney, mu muji wa London. Kila moja ilikuwa na wanafunzi nane wenye makasia na mumoja, mara nyingi mudogo wa mwili, anayeshika musukani. Kandokando ya muto Thames watu walikuwa wamejaa. Haya ni mashindano ambayo karibu kila Muingereza anayajua, hata ule ambaye hajawahi kugusa kasia: Oxford juu ya Cambridge, vyuo vikuu viwili vya zamani kuliko vyote mu Uingereza.

Siku ile Cambridge walishinda, wanaume na wanawake. Desturi ni kwamba washindi wakitoka mu mashua wanamubeba mwenye musukani na kumutupa mu muto. Watu wote wanacheka, naye anatoka akitiririka maji. Lakini mwaka ule waandaaji walikuwa wametoa onyo mapema: musiingie mu maji. Sababu ni mavi. Tungeweza kutafuta neno la adabu zaidi, lakini mupiga makasia mumoja wa Oxford hakulitafuta. Mbele ya televizyo alisema kwamba asubuhi ile alitapika, kwamba wenzake wamoja walikuwa wameugua tumbo mu siku za nyuma, na kwamba ingekuwa vizuri kama mavi yangepunguka mu maji. Akaongeza kwamba hata kama wangekuwa wazima wote, pengine Cambridge wangewashinda tu.

Kwa mutu wa huku kwetu swali ni moja. Namna gani muji tajiri kama London, wenye robine mu kila nyumba, unaachilia choo kiingie mu muto? Jibu linaanzia mbali, na mashindano yenyewe yanatusaidia kulifwata, kwa sababu yamekuwa ku muto ule kwa karibu miaka 200.

Kutoka Putney mupaka Mortlake

Yalianza kwa urafiki. Vijana wawili waliosoma pamoja mu sekondari, Charles Merivale na Charles Wordsworth, waliachana: mumoja akaenda Cambridge, mwingine Oxford. Mu 1829 Cambridge waliandikia Oxford barua ya kuwaita mu mashindano ya mashua. Yalifanyika tarehe 10 mwezi wa sita mwaka ule ku Henley, muji mudogo juu ya London, na Oxford walishinda. Mara ya pili ilikuwa 1836, London katikati, kuanzia Westminster. Mu 1845 waliyahamisha kwenda Putney, magharibi, kwa sababu Westminster ilikuwa imejaa mashua za biashara. Tangu 1856 yanafanyika kila mwaka, isipokuwa wakati wa vita viwili vya dunia, na 2020 juu ya Covid. Mu 1912 mashua zote mbili zilizama, wakarudilia siku ingine. Wanawake walianza 1927, lakini walingoja mupaka 2015 kwa kupewa siku moja na wanaume, na muto uleule.

Njia iko na kilometa 6.8, kutoka Putney mupaka Mortlake. Wenye mbio wanaimaliza kwa dakika 16 mupaka 20. Ile ya haraka kuliko zote ni ya Cambridge, 1998, dakika 16 na segonde 19. Hawatumii kafi ya mutumbwi kama wavuvi wetu wa Kivu ao Tanganyika. Kila mutu anavuta kasia moja ndefu iliyofungwa ku ubavu wa mashua, na anageuzia mugongo kule wanakoenda. Mwenye musukani peke yake ndiye anaona mbele.

Kuko jambo moja ambalo sisi watu wa ziwa hatulizoee. Thames ku London inafwata bahari. Mara mbili kwa siku bahari inapanda, na maji ya muto yanarudi nyuma, yanapanda kuelekea juu. Kisha yanashuka tena. Mashindano yanapangwa saa ile maji yanapanda, ili yasukume mashua. Ndiyo maana tarehe na saa vinabadilika kila mwaka. Hiyo inaeleza pia sababu gani uchafu hautoke haraka: kitu kinachotupwa mu maji leo kinashuka kilometa fulani, kinarudishwa, kinashuka tena. Wakati muto uko na maji kidogo, kinaweza kumaliza wiki nyingi mbele ya kufika baharini.

Na mashua hizi ni za chini sana, karibu sawa na maji. Upepo ukipiga kinyume, mawimbi yanaingia ndani. Mu 2016 mashua ya wanawake wa Cambridge ilijaa maji karibu izame. Maji yanaruka ku uso, ku midomo, na mikono ya wapiga makasia iko na malengelenge yaliyopasuka. Wako wanagusa muto kwa vidonda.

Vipimo vya mwezi wa tatu

Kwa miaka mingi watu wa Thames walisema tu kwamba maji yananuka kisha mvua. Kusema hivyo hakumusumbue mukubwa yeyote. Kilichobadilika 2024 ni hesabu. Shirika moja la kutetea mito, River Action, lilishirikiana na klabu ya Fulham Reach, ambayo mashua zake ziko karibu na daraja la Hammersmith, katikati kabisa ya njia ya mashindano. Kati ya tarehe 28 mwezi wa pili na tarehe 26 mwezi wa tatu walipima maji mara 16. Walitafuta bakteria inayoitwa E. coli.

E. coli inaishi mu matumbo ya watu na ya nyama. Nyingi haiko na ubaya, ingine inaleta kuharisha, kutapika, homa. Lakini wapimaji hawaitafute juu ya ubaya wake tu. Wanaitafuta kwa sababu ni kama alama ya mguu: ukiiona mu maji, unajua kwamba mavi yalipita, na kile kinachotembea pamoja na mavi kinaweza kuwa pale pia, hata kama maji ni meupe na hayanuke. Mama wa Goma anayejaza bidon ku ziwa na kupita kwa wale vijana wa klore anajua jambo hilo, hata kama hajui jina la bakteria. Macho hayatoshe.

Wale wapimaji walichukua 1,000 mu mililita 100 kama mupaka ambao maji ya kuogelea yakiupita yanahesabiwa kuwa mabaya. Mililita 100 ni kama nusu ya kikombe cha chai. Katikati ya vipimo vyao ilikuwa 2,869. Kipimo cha juu kabisa kilifika 9,801, ni kusema karibu mara kumi ya mupaka.

Hapa lazima kusema vizuri. Fasi ile ya Thames haiko kati ya fasi ambazo serikali iliandika kuwa za kuogelea, kwa hiyo hakuna sheria inayolazimisha maji yake kufika kiwango kile. Vipimo 16 mu mwezi mumoja wenye mvua nyingi si picha ya mwaka muzima. Na vijana wa Oxford kuugua tumbo hakuonyeshe kwamba muto ndio uliwagonjesha. Tumbo la mwanafunzi linaweza kuugua juu ya mambo mengi. Kampuni ya maji ya London, Thames Water, ilijibu kwamba mvua zilikuwa zimepita kiasi, na kwamba uchafu unatoka pia ku mashamba, ku barabara na kwa nyama. Ni kweli, unatoka kule pia. Lakini mabomba ya kampuni yanafunguka mu muto, na hilo hakuna aliyelikataa.

Waandaaji hawakufuta mashindano. Walitoa maagizo: kufunika vidonda na malengelenge kwa bandeji isiyopitisha maji, kufunga mudomo maji yakiruka, kuvaa viatu wakati wa kuingiza na kutosha mashua, kusafisha vyombo vyote. Ku Mortlake walipanga fasi ya kunawa na kujisafisha. Mutu akisoma maagizo yale bila kujua yanatoka wapi, angefikiri ni ya watu wa hospitali.

Kolera, arufu, na mutu wa mabomba

Mwanzoni mwa karne ya 19, nyumba nyingi za London zilikuwa na shimo la choo chini, na watu walilipwa kulitapisha. Kisha vikaja vyoo vya kumwanga maji. Vilionekana kuwa maendeleo, na kwa ndani ya nyumba vilikuwa kweli. Lakini maji yote yale yalienda mu mifereji iliyojengwa kwa mvua, na mifereji ilifika mu Thames. Wakati uleule kampuni za maji zilikuwa zinachota maji ya kunywa mu Thames hiyohiyo.

Kolera iliingia London mu 1831 na 1832, ikarudi 1848 na 1849, ikarudi tena 1853 na 1854. Ziara moja tu, ile ya 1848 na 1849, iliua watu kama 14,000. Wakubwa waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alikuwa na mawazo mengine. Mu 1854, mu mutaa wa Soho, alipita nyumba kwa nyumba akihesabu wafu na kuuliza wamechota wapi, akaona wengi walitumia pompe moja ya Broad Street. Alishawishi wakubwa watoshe mukono wa pompe. Ile kazi ya kuuliza «munachota wapi?» ndiyo inafanywa mupaka leo na wauguzi wa kwetu kila kolera inapoanza.

Hata hivyo hawakujenga kitu mupaka arufu ilifika Bungeni. Bunge la Uingereza liko kando ya Thames. Mu kiangazi cha 1858 joto lilikuwa kali, muto ulipungua, na mavi yalibakia ku ufuko. Walilowesha mapazia ya Bunge mu dawa ya klore, bila mafanikio. Sheria na feza vilipatikana kwa wiki chache tu. Tusishangae sana, tunajua wakubwa wa aina hiyo.

Kazi ilipewa injenieri Joseph Bazalgette. Alijenga mabomba makubwa ya matofali sambamba na muto, ili yakamate maji machafu mbele ya kuingia Thames na kuyapeleka mashariki, mbali na muji. Kolera ilitoka London. Mutu huyo aliokoa watu wengi kuliko wengi wa wale wenye sanamu mu miji ya Ulaya. Tena, daraja la Putney ambapo mashindano yanaanza, na daraja la Hammersmith ambapo wanapita chini, yote mawili yalichorwa naye.

Lakini alihamisha uchafu, hakuusafisha. Mu mwezi wa tisa 1878 mashua ya wasafiri, Princess Alice, iligongana na ingine karibu na fasi ambapo mabomba yalikuwa yanamwanga. Watu zaidi ya 600 walikufa, na maji ambamo walianguka yalikuwa yametoka kupokea uchafu wa muji. Ni kisha hapo ndipo walianza kutenga mavi na maji. Mu 1957 wataalamu walitangaza kwamba Thames ya London imekufa, samaki hawawezi kuishi mule. Viwanda vya kusafisha vikajengwa upya, na 1974 samaki wa salmoni alionekana tena. Waingereza walijivuna, na walikuwa na haki.

Bomba moja kwa mvua na kwa choo

Sasa tufike ku tatizo lenyewe. Bazalgette aliweka maji ya mvua na ya choo mu bomba moja. Siku ya jua hakuna shida, yote inaenda kiwandani. Mvua ikinyesha, bomba linajaa. Kama halina pa kutokea, mavi yangerudi mu nyumba kwa njia ya choo. Kwa hiyo aliacha milango ku kando ya muto: bomba likijaa, linamwanga mu Thames. Ilikuwa ya dharura tu. Lakini aliipangia muji wa watu milioni 4, na leo London iko na karibu milioni 9. Udongo uliokuwa unakunywa mvua umefunikwa na simenti na makaramu. Dharura imekuwa kawaida. Mbele ya kazi za sasa, hesabu ilikuwa kama tani milioni 39 za maji machafu mu Thames ya London kwa mwaka wa kawaida.

Dawa yao ni tuneli. Kazi ilianza 2016. Iko na kilometa 25 na upana wa metre 7.2, inapita chini ya muto kutoka Acton magharibi mupaka Abbey Mills mashariki, na inapokea maji ya ile milango mibaya zaidi. Ilimalizwa kuunganishwa mu mwezi wa pili 2025, kwa bei ya pauni kama miliare 4.5, na wanaolipa ni wakaaji, kidogo kidogo, ku faktire ya maji.

Je, imemaliza shida ya wapiga makasia? Sehemu kubwa, ndiyo: milango ya Hammersmith na Putney imefungwa ku tuneli. Lakini juu ya Mortlake, ku Isleworth, kuko fasi ambapo kiwanda kikubwa cha Mogden kinatolea maji yake, na juu zaidi kuko miji na vijiji vingi mupaka Oxford kwenyewe. Tuneli haifike kule. Maji yakishuka, yanaleta yale ya juu.

Feza ilienda wapi?

Hapa ndipo Waingereza wanakasirika. Mu 1989 serikali yao iliuza kampuni zote za maji za Uingereza kwa watu binafsi. Kwetu Regideso ni ya Leta, na kila mutu anajua malalamiko yetu. Kwao malalamiko ni ya upande mwingine. Wanasema kwamba wenye kampuni walikopa, wakajilipa faida, na mabomba yakazeeka. Thames Water inatumikia watu kama milioni 16 na imebeba madeni ya pauni zaidi ya miliare 15. Mu mwezi wa tano 2025 mamlaka ya maji iliipiga faini ya pauni milioni 122.7, sehemu kubwa juu ya maji machafu, na sehemu juu ya faida iliyogawa bila haki.

Siku tatu tu mbele ya mashindano ya 2024, serikali ilitangaza hesabu ya inchi nzima: mu 2023 mabomba yalimwanga maji machafu mu mito na bahari kwa saa milioni 3.6, zaidi kidogo ya mara mbili ya saa milioni 1.75 za mwaka 2022. Kwa hiyo wakati vijana wa Oxford na Cambridge walipanda mashua, magazeti yalikuwa tayari na moto. Kama si mashindano, hesabu ile ingesomwa na wataalamu na kusahauliwa.

Na si London peke yake. Paris iko na mabomba ya aina ileile, na ilitumia kama euro miliare 1.4 kwa kusafisha muto Seine mbele ya Michezo ya Olimpiki ya 2024. Hata hivyo mvua ilinyesha, na shindano la triatlo la wanaume, tarehe 30 mwezi wa saba, lilisogezwa kesho yake juu ya vipimo vya maji.

Huku kwetu hatuna bomba la kujaa. Nyumba nyingi ziko na choo cha shimo, mvua inashuka ku milima na kubeba kila kitu mu ziwa, na chupa za plastiki za Bukavu zinaenda kuziba mashine za umeme ku Ruzizi. Kulinganisha kilo kwa kilo hakutasaidia. Kitu kimoja tu kinafanana sana: ku Hammersmith, wenye kuishi na muto ndio walichota chupa ya kwanza na kuipima, hawakungoja kampuni iwaambie.

Klabu ile ya Fulham Reach haiko ya wanafunzi wa Oxford. Inafundisha hasa watoto wa masomo ya serikali, ambao wazazi wao hawana feza ya kununua mashua. Oxford na Cambridge wanapita mbele ya mulango wake siku moja mu mwaka, dakika chache, wakiwa na daktari na televizyo. Watoto wale wanashuka mu maji kila wiki, mvua ao jua.